Kiswahili Hakina Bendera

Gazeti letu hili la mtandaoni linasomwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tulipokaa kupanga ukurasa wake wa kwanza, sisi mafrateri tuliopewa kazi hiyo tulibishana sana juu ya jambo linaloonekana dogo: msomaji achague lugha kwa kubonyeza picha ya bendera, au kwa kubonyeza neno?

Waliotetea picha walikuwa na hoja nzito, tena ya kale katika Kanisa. Mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille aliyekuwa amevunja picha za kanisani, akimfundisha kwamba picha humsaidia asiyejua kusoma kama maandiko yanavyomsaidia anayejua. Hata kwenye simu tunaliona hilo. Simu ikiwa imewekwa Kichina hatusomi neno hata moja, lakini kile kigurudumu chenye meno kinatuonyesha Mipangilio iko wapi.

Hata hivyo, Mtakatifu Augustino ametufundisha kutofautisha ishara za asili na ishara zilizowekwa na watu. Moshi ni ishara ya moto bila watu kupatana. Kigurudumu si hivyo. Kuna mtu aliyetuonyesha, ndipo tukajua. Picha za ukutani alizozitetea Gregori nazo zilisomeka kwa sababu waamini walikuwa wamekwisha kusimuliwa habari zake. Picha bila katekista hubaki rangi tu.

Sasa, bendera ni ishara ya nini? Ni ishara ya nchi, na nchi si lugha. Tukiweka bendera ya Tanzania kwa ajili ya Kiswahili, tumemwambia nini Mkenya wa Mombasa? Na Mkongo wa Bukavu, anayesali Rozari kwa Kiswahili tangu utotoni? Tukiweka ya Kenya, tumemhamishia mwingine malalamiko yale yale. Kiingereza nacho tukipe bendera ya Uingereza, ya Marekani au ya Nigeria? Tovuti ya Vatikani inaandika Italiano, Français, Latine: kila lugha kwa jina inalojiita yenyewe. Kwa bendera, Kilatini kingekosa mahali.

Mwenzetu mmoja akauliza: na asiyejua kusoma je? Tulinyamaza kidogo, maana swali lilikuwa la haki. Lakini kitufe hiki kinampeleka mtu kwenye maandishi. Anayeweza kusoma makala ya Kiswahili anaweza kusoma neno “Kiswahili”. Asiyeweza, bendera itamfikisha mlangoni na kumwacha hapo. Huyo anahitaji kusomewa, au kuwekewa sauti, na hilo ni deni ambalo bado hatujamlipa.

Neno nalo lina masharti yake. Zipo tovuti zinazoandika “Swahili” katikati ya orodha iliyopangwa kwa Kiingereza. Bibi anayeitafuta lugha yake kwenye herufi K haioni, na akijua Kiingereza cha kutosha kuipata, pengine hakuihitaji tena. Siku ya Pentekoste kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Hakutakiwa kupita kwanza kwenye lugha ya mwingine.

Kwa hiyo juu ya ukurasa huu mnaona maneno mawili tu: Kiswahili, English. Kigurudumu tumekiacha, kwa kuwa wengi wamekwisha kukizoea, ila chini yake tumeandika “Mipangilio” kwa ajili ya yule ambaye hajaonyeshwa bado. Picha imuite mtu kutoka mbali, na neno limhakikishie kwamba amefika kwao.

Kazi inayofuata ni ile ya sauti. Tunaomba sala zenu, na wenye sauti nzuri ya kusoma wajitokeze.