Moto wa Kipupwe

Neno kipupwe halina maana moja kwa watu wote. Kwa mtu wa pwani ni faraja: joto hupungua, upepo wa kusi huvuma, na usingizi huwa mtamu. Kwetu Njombe, katika Nyanda za Juu Kusini, mahali palipoinuka takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kipupwe ni mtihani wa kila mwaka. Kati ya Juni na Agosti huja usiku mkavu usio na mawingu, na ardhi hulala kama mtu asiye na blanketi. Alfajiri majani huonekana meupe kwa jalidi.

Hewa ya baridi ina tabia ya maji. Ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo huteremka mabondeni, na mabondeni ndiko viliko vinyungu vyetu, bustani za kiangazi. Nilipokuwa mtoto nilishuka huko na baba asubuhi moja, tukakuta majani ya viazi yamesawijika kana kwamba yamepitiwa na moto. Baba aling'oa shina moja, akalitazama kwa muda, akasema, "Tutakula vya mlimani."

Jioni za majira hayo tulikusanyika jikoni kwa bibi, katika banda la udongo lenye paa la nyasi. Moshi ulipenya paani, ukayakausha mahindi yaliyoning'inia juu yetu. Macho yaliwasha, lakini hakuna aliyetaka kuondoka. Aliyegombana na nduguye alilazimika kukaa naye bega kwa bega, maana moto ulikuwa mmoja. Bibi alituhesabu kwa majina kabla ya kugawa viazi vya kuchoma.

Kisha tukajenga nyumba ya matofali na bati. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Kila mtu alipata chumba na mlango wake. Usiku mmoja wa Julai 1998 mdogo wangu aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, akalala. Bibi, aliyezoea kuamka kabla ya jogoo ili awashe moto wake, alipita mlangoni akamwita, asijibiwe. Tulipovunja mlango tulimkuta hajitambui. Tulimlaza uani, juu ya nyasi zenye jalidi, na hewa ile ile ya baridi tuliyoikimbia ndiyo iliyomfumbua macho kabla hatujamfikisha hospitali.

Leo najua kwamba mkaa uwakao pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni. Huingia kimya, kama baridi iteremkavyo bondeni.

Sisemi turudi kwenye nyasi. Moshi ule nao ulimwachia bibi kikohozi mpaka mwisho wa maisha yake. Jiko la mkaa na litolewe nje kabla ya kulala, na dirisha liachiwe upenyo. Lakini nakiri kwamba usiku ule hatukuokolewa na elimu hiyo, kwa kuwa hatukuwa nayo. Nyumba mpya ilitugawia milango, nasi tukadhani zamani za kuhesabiwa zimekwisha. Kumbe bibi alikuwa angali akituhesabu.