Kabla hujanunua lenzi, fungua picha zako za zamani

Siku lenzi yangu ilianguka, nilikuwa na harusi ya kupiga baada ya siku tisa, na dipoziti ya watu nilikuwa nimeshaikula.

Nilikuwa natoka kupiga picha za mashamba ya vitunguu kando ya mto Daua. Bodaboda ikaruka shimo, zipu ya begi ilikuwa wazi, kamera ikatoka ikaanguka kwa changarawe. Kamera yenyewe, Canon 700D ya mtumba, iliwaka kama kawaida. Lakini lenzi yake ya 18-55 ilikuwa na mkwaruzo mrefu kwa kioo cha mbele. Nikizungusha zumu naskia mchanga ukisaga, halafu inakwama.

Kama hujawahi kuja harusi zetu huku Rhamu, elewa kitu moja. Upande wa wanawake mwanamume haingii, na watu huambiwa waweke simu kando, kwa sababu ndani kule hijabu zinatolewa. Picha za bibi harusi ni zile nitapiga mimi, basi. Nikiharibu, hakuna mwingine wa kuombwa.

Nilijaribu kuazima. Kijana mmoja hapa mjini hupiga upande wa wanaume, na hana roho mbaya, alinipa lenzi yake hapo hapo. Shida ni kwamba yeye anatumia Nikon. Lenzi ya Nikon haishiki kwa Canon hivi hivi, hata ukibembeleza.

"Hooyo, waambie watu mapema watafute mwingine," mamangu akasema. Mimi humwita hooyo, na yeye huniita hooyo, ndivyo mama wa Kisomali walivyo. Nikamwomba anipe siku mbili.

Siku ya kwanza nilishangaa. Nilizungusha fokasi kwa mkono, nikapiga ukuta mweupe, nikapiga uso wa dada yangu kivulini, nikakuza picha kwa skirini. Mkwaruzo hauonekani kabisa! Uko karibu sana na kamera, haiwezi kuushika kwa fokasi. Ulijitokeza tu nilipoelekea jua, picha ikaingia ukungu. Kumbe kile kilichonitisha ndicho kilikuwa kidogo. Shida yenyewe ilikuwa mchanga ndani ya zumu, na mota ya fokasi iliyokuwa inalia bila kusonga. Kwa hivyo usitupe lenzi juu ya mkwaruzo. Jaribu kwanza.

Fundi mmoja wa Nairobi aliiangalia kwa video. Akasema kuifungua na kuisafisha itafika karibu bei ya kununua nyingine iliyotumika. Sasa nikaanza kutafuta.

Kila niliyemuuliza alisema nunua 50mm f/1.8. Na wallahi hiyo lenzi ni tamu. Ni ndogo, ni nyepesi, na inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko 18-55 yangu ikivutwa mwisho, pale inapofungia f/5.6. Uso unatokea, nyuma kunafifia vizuri. Muuzaji alitaka 13,000 kwa iliyotumika. Mimi nilikuwa na 11,000. Abti wangu alikuwa tayari kunikopesha hiyo 2,000.

Usiku kabla sijampigia, nikafungua picha za harusi nilizowahi kupiga. Kila picha, kamera huandika ilipigwa kwa milimita ngapi, ukifungua maelezo yake utaona. Nikahesabu picha 200. Zaidi ya 140 zilikuwa kati ya 18 na 24. Kwa nini? Kwa sababu vyumba vyetu ni vidogo, mashangazi wanane wako kwa mkeka mmoja, na mimi mgongo uko ukutani. Sensa ya 700D ni ndogo, kwa hivyo 50 kwake huona kama 80. Ningerudi nyumbani na jicho moja la bibi harusi na sikio la shangazi.

Nikachukua 18-55 iliyotumika, 7,000. Pesa iliyobaki nikaweka kwa taa ndogo ya LED na filta ya 58mm ya kukinga kioo. Mwanga niliokosa kwa lenzi, nikaununua kwa taa.

Halafu kuna hii maneno ya "bei nafuu". Mtu wa Nairobi akinunua kitu kibovu, kesho anarudi dukani. Mimi nikinunua kibovu, kinarudi na basi kupitia Wajir na Garissa, nalipia mzigo mara mbili, na harusi imeshapita. Kwetu, nafuu ni bei pamoja na gharama ya kukosea. Ndiyo maana sikutuma pesa kabla binamu yangu wa Eastleigh hajaenda kuiangalia. Nilimpa kazi nne: amulike tochi ya simu kwa nyuma aone kama kuna kuvu ndani, azungushe zumu mwanzo hadi mwisho, aiweke kwa kamera askie fokasi ikishika, na apige ukuta mweupe anitumie ile picha.

Ilifika siku mbili kabla ya harusi, imefungwa ndani ya shuka. Sikulala, nilikuwa nikipiga kila kitu nyumbani mpaka hooyo akanifukuza jikoni.

Picha ninayoipenda kutoka siku hiyo ni ya bibi harusi katikati ya mashangazi wake wote, wanacheka mpaka mmoja ameshika ukuta. Ilipigwa kwa 18. Siwezi kuwaonyesha, ni yao wenyewe.

Ile 50 bado naitaka. Nitainunua, lakini kwa pesa ambayo hii ya 7,000 imeniletea.