Mlingoti na Mizizi Yake

Mwezi wa Juni, 1915, jeshi lilivuka Ziwa Nyanza kwa ajili ya mlingoti. Waingereza walitoka Kisumu kwa meli, wakashuka Bukoba, wakapigana tarehe 22 na 23, na kabla ya kuondoka wakaivunja simu ya upepo ya Wajerumani. Mlingoti hauna risasi wala baruti. Lakini sauti iwezayo kupita juu ya maji na milima huogopwa kama mzinga.

Kusini-magharibi ya Bukoba, katika wilaya ya Ngara, iko Bukiriro, nchi ya vilima na migomba. Mahali kama hapa mawimbi mafupi sana huenda kama mshale: yakikutana na kilima, safari hukoma. Mawimbi marefu hutambaa juu ya ardhi, na usiku hurudishwa chini na anga ya juu hata yakafika nchi za mbali. Ndiyo sababu mpenzi wa redio, mwenye leseni na alama ya mwito inayoanza na 5H, hutamani wimbi la mita 160, ijapokuwa kulijengea waya ni kazi ngumu.

Ugumu wake ni wa kipimo. Waya uliosimama hupenda urefu wa robo ya wimbi lake, na robo ya mita 160 ni mita 40. Na afikiriwe mtu wa Bukiriro mwenye mlingoti wa mita 10 tu. Atazungusha koili shinani, mtambo utaukubali waya, naye atadhani kazi imekwisha. Kumbe amepatanisha, hajasafirisha. Nguvu ya mtambo hugawanywa baina ya wadai wawili, kila mmoja kwa kadiri ya ukinzani wake, ambao hupimwa kwa omu. Hewa, ichukuayo sauti, inadai omu 1.5. Ardhi kavu isiyotandazwa kitu inadai, kwa mfano, omu 15. Basi katika wati 100, zinazoondoka ni 9. Zile 91 zimewapasha mchwa joto.

Asiyejua hukimbilia kununua mtambo mkubwa zaidi. Mwenye busara hutazama juu, kisha hutazama chini. Juu hulaza nyaya mbili ndefu, moja kuume na moja kushoto, umbo lote likawa kama herufi T. Mkondo wa umeme uliokuwa ukififia kadiri ulivyopanda, sasa hufika kileleni ungali na nguvu, na dai la hewa hukaribia omu 6. Wati zinazoondoka huwa 28. Chini huzika nyaya nyingi za shaba, kina cha kidole, zikitawanyika kutoka shinani kama mizizi ya mgomba. Dai la ardhi likishuka nalo hata omu 6, nusu ya nguvu huondoka, isipokuwa kidogo kinacholiwa na koili. Kwa hiyo koili na izungushwe kwa waya mnene. Kutoka 9 hata kukaribia 50, na mtambo ni ule ule!

Radi haina budi kukumbukwa. Bonde la Ziwa Nyanza ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani. Radi ya mbali huleta makelele masikioni. Ya karibu huua. Wingu likionekana, waya utengwe na mtambo, uunganishwe na ardhi, na mtu akae mbali nao.

Huenda mtu akasema kuwa haya yote ni mchezo. Lakini mwezi wa Aprili, 1994, watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rwanda pale Rusumo, katika wilaya hii hii ya Ngara, kwa muda wa siku moja hivi. Siku kama hiyo neno moja likivuka vilima lina thamani ya mkate, na neno likifia ardhini ni hasara isiyolipika.

Wapitao njiani husifu mlingoti, kwa sababu unaonekana. Hakuna asifuye mizizi. Hata hivyo, mjenzi aliyepiga magoti na jembe, akafukia shaba mahali ambapo hapana atakayeitazama, ndiye atakayesikika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; na mtaka cha mbali, vivyo hivyo.