Njiro: mvua, kipupwe na theluji ya mbali

Anayetoka Dar es Salaam mwezi Julai akashukia Njiro na fulana moja begini, usiku wa kwanza tu hutafuta blanketi la pili. Eneo hili, lililo upande wa kusini mashariki wa katikati ya Jiji la Arusha, lipo takriban meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake umesimama Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya meta 4,500. Mlima huo ndio unaopanga siku ya wakazi.

Mvua huja mara mbili kwa mwaka, kwa sababu ukanda wa mawingu hulifuata jua linapovuka ikweta kwenda na kurudi. Vuli kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, wakati mijakaranda ya mjini imechanua, na huendelea hadi Desemba. Januari na Februari ni miezi ya joto na vumbi. Masika hufuata, Machi hadi Mei.

Masika hulisha migomba na kahawa ya miteremko ya Meru, lakini pia hujaza mito na makorongo yanayokatiza jiji. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku Njiro kukavu, kisha maji yakafika kwa kishindo. Aprili 2024, gari la shule lilisombwa na maji katika korongo jijini Arusha na watoto wakapoteza maisha. Funzo kwa mzazi ni moja: maji yakipita juu ya barabara au daraja, hakuna kuvuka, iwe kwa miguu, kwa bodaboda au kwa gari. Heri mtoto akose kipindi.

Kipupwe

Juni hadi Agosti mvua hukatika, ila jua halionekani kirahisi. Upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ikigonga mlima hupanda, hupoa na kuwa wingu. Ndiyo maana asubuhi za Njiro huwa za kijivu, wakati mwingine na manyunyu, ilhali nyuma ya mlima, kule Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, ardhi ni kavu. Hadi Nanenane, watu wanaoelekea kwenye viwanja vya maonyesho bado huvaa majaketi.

Theluji haianguki Njiro. Lakini joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi kila unapopanda meta 1,000, hivyo Njiro ikiwa na nyuzi 20, kilele cha Meru hukaribia kuganda. Mara chache, hasa nyakati za mvua, kilele huamka cheupe na kabla ya siku nyingi theluji imeyeyuka. Ya kudumu iko mashariki, Kilimanjaro, nayo inazidi kupungua.

Baridi na afya

Hatari ya kipupwe iko ndani ya nyumba. Familia hufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huweza asiamke. Jiko libaki nje. Ndani zitoshe soksi, sweta na blanketi.

Baridi yenyewe haileti nimonia. Vimelea huiambukiza, na moshi na msongamano katika chumba kisicho na hewa huvisaidia. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta hewa, au anayekataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Homa nayo isidhaniwe kuwa malaria moja kwa moja. Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache ya ugonjwa huo, hivyo kipimo kitangulie dawa.

Maji ya bati

Mvua ina zawadi nyingine. Miamba ya volkano ya Meru huongeza madini ya floridi katika maji ya chemchemi na visima vingi vya ukanda huu. Yakizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia yasiyofutika, na mifupa huathirika kwa wanaoyatumia miaka mingi. Kuchemsha hakuyaondoi, bali huyazidisha maji yanapopungua sufuriani.

Maji ya mvua karibu hayana floridi. Kabla ya vuli, familia yenye bati safi, gata na tangi lenye mfuniko ifagie paa na kuacha mvua ya kwanza ipite, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yatakayofuata yachemshwe kuua vimelea, kisha yatengwe kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto ambao meno yao ya utu uzima bado yanajengeka. Kufulia na kudekia, maji ya kisima yanatosha.