Kuota Moto Njombe Bila Kuhatarisha Maisha

Ukitoka Makambako kwa basi kuelekea kusini, baada ya kilomita zipatazo 60 utaingia Njombe. Ikiwa safari yako imeangukia mwezi wa Juni au Julai, huna haja ya kuuliza umefika wapi. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo baridi yake hupenya hadi kwenye mifupa. Ukipanda zaidi kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo, utakuta alfajiri sakitu imetanda juu ya majani.

Njiani utaona misitu ya miwati, misindano na mikaratusi. Kuni, basi, si haba. Hata hivyo, usiku unapoingia, jamaa wengi hufunga milango na madirisha, kisha huingiza jiko la mkaa chumbani. Mgeni aliyezoea joto la pwani hufurahi sana. Lakini mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumwua mtu akiwa usingizini. Zipo familia zilizolala zikiota moto, na kulipokucha hakuna aliyeamka.

Je, hapana njia nyingine? Katika miaka ya 1980, huko Oregon, Marekani, mtaalamu Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho alitunga kanuni za jiko la kuni liitwalo roketi. Baadaye Ianto Evans na wenzake waliliendeleza hata likawa la kupashia nyumba joto.

Umbo lake si la kutatanisha. Kuni kavu, nyembamba, huingizwa katika mdomo mdogo. Moto hupita katika njia fupi, kisha hupanda ndani ya dohani iliyojengwa kwa matofali mepesi yasiyopoteza joto. Humo moshi wenyewe huungua. Juu ya dohani hiyo hufunikwa pipa la chuma, nalo hupasha chumba joto mara moja. Hewa ya moto hushuka, hupita katika bomba lililofukiwa ndani ya baraza la mawe na udongo, ndipo itoke nje ya nyumba. Njia yote, yenye upana wa sentimita 15 au 20, isibanwe popote. Moto ukizimika, baraza hubaki na joto kwa saa nyingi, na watu hulala pasipo kaa hata moja chumbani.

Vifaa vingi vyapatikana Njombe kwenyewe. Udongo wa mfinyanzi ukichanganywa na unga wa mbao kutoka viwanda vya kupasulia magogo, kisha matofali yakachomwa, unga huungua na kuacha vitundu vinavyozuia joto lisipotee.

Lakini tahadhari: maungio ya bomba yasivuje, majivu yazolewe, na bomba la kutolea moshi lisiguse mbao za paa wala kuzibwa wakati makaa yangali yakiwaka. Kazi hii yataka fundi mwangalifu.

Wewe unayejiandaa kwenda likizo kwa wazee huko nyanda za juu, zungumza nao juu ya jambo hili. Na hadi siku baraza hilo litakapojengwa, chukua blanketi la ziada, na jiko la mkaa lilale nje.