Shukrani Katika Kivuko cha Magogoni

Ndugu msomaji, ikiwa Jumapili hukukuta umekaa peke yako chumbani, nguo zimekwisha kufuliwa, chai imepoa na hapana wa kuzungumza naye, basi safari hii nimekuandikia wewe. Haihitaji likizo wala mzigo. Yaanzia Magogoni, Dar es Salaam, na kuishia Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari. Kivuko huimaliza kwa dakika chache tu.

Ufike asubuhi, kabla jua halijawa kali. Pitia kwanza soko la samaki, ambalo wenyeji huliita Feri. Hapo utasikia mnada wa changu na vibua, utawaona wapara samaki wakirusha magamba, na mama lishe wakipepea mkaa. Kisha panda kivukoni pamoja na baiskeli, mikokoteni, magari na matenga. Tangu mwaka 2016 lipo pia daraja la kutoka Kurasini, lenye urefu wa mita 680. Mwenye haraka na apite huko. Lakini kivukoni watu husimama bega kwa bega, na hilo ndilo nitakalo ulione.

Husimama bega kwa bega, lakini kimya. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu wakazi 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Wingi wote huo haukunifaa kitu nilipofiwa na mke wangu. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, kila mmoja na mji wake. Nikawa navuka kila Jumapili, si kwa matembezi, bali kwa kukikimbia chumba.

Walikuwapo walionihimiza nishukuru, kwa kuwa wapo wenye taabu kunishinda. Walinitakia mema, hata hivyo neno lile lilinifunga mdomo tu. Taabu ya jirani haiwezi kuwa dawa ya taabu yangu.

Jumapili moja kijana mpara samaki alinisafishia changu wawili. Aliponikabidhi, akasema, "Mzee, nimekukatia vipande vya kupika mara mbili, usije ukatupa." Nikalipa, nikaondoka. Nilipokuwa katikati ya maji ndipo nilipotambua kwamba kijana yule alikwisha kujua kuwa napika chungu cha mtu mmoja, naye akakifikiria chungu hicho. Wiki nzima hapana mwingine aliyekifikiria, nami sikumwambia hata asante.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta, nikamshukuru, nikamwuliza jina lake na kwao. Tangu hapo nikajiwekea desturi: kila nivukapo, nitafute jambo moja nililotendewa juma lile, kisha nimwendee aliyenitendea nimwambie. Nilianza na yule kijana, nikaendelea na muuza kahawa, kisha na mwanamke aliyenishika mkono nilipoteleza ngazini.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi lugha yetu ilivyo na hekima. Twasema namshukuru, nakushukuru, nawashukuru. Ndani ya neno lenyewe mna mtu. Shukrani ya kweli humtoa mpweke chumbani, kwa sababu hana budi kwenda kumtafuta wa kumpa. Nayo haidai uwe na furaha kwanza. Siku nyingi nilishukuru huku moyo ukiwa mzito.

Baadaye malaria ilinilaza, nikakosa Jumapili mbili. Niliporudi Feri, yule kijana aliweka kisu chini. "Mzee, mbona umepotea? Tumekuulizia hadi kwa muuza kahawa." Sikuwa na jibu ila machozi, nayo niliyasingizia moshi wa mama lishe.

Sikudanganyi kwamba upweke umekwisha. Jioni nirudipo, kiti cha marehemu bado kitupu, na sitarajii shukrani zikijaze. Ila sasa najua kwamba nikikosekana, wapo watakaouliza. Basi Jumapili ijayo nenda Feri, au popote karibu nawe penye watu. Mkumbuke mmoja aliyekutendea wema wiki hii, hata kama ulikuwa mdogo, umwendee na umshukuru kwa jina lake. Kama hulijui jina lake, basi umwulize. Mazungumzo yataanzia hapo.