Kwa nini tulihangaikia waya wa gramafoni

Kuna watu walituuliza, na wengine ni wafanyakazi wa mashirika ambao tunawaheshimu: nyinyi mnakaa wiki mbili mnatafuta waya wa gramafoni, na huku maturubai yanavuja? Swali ni la haki, hatukuchukia. Tunalijibu hapa, na tutaeleza pia waya wenyewe unachaguliwaje, maana tunajua kambi nyingine nazo zina wazee wenye santuri.

Kambini kwetu, wilaya ya Palma, kuna babu mmoja mwenye santuri 11, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Alizinunua Dar es Salaam miaka ya 1970 alipokuwa kijana wa kazi huko. Si jambo la ajabu kwa pwani yetu, watu wamevuka Ruvuma kwenda na kurudi tangu zamani, na muziki ukivuka nao. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, babu alitoka na mjukuu mkononi na santuri zimefungwa kwenye kapulana mgongoni.

Katika santuri moja kaka yake mkubwa yumo. Siyo mwimbaji mkuu, ni mmoja wa waitikiaji watatu, nyuma ya magitaa. Kaka huyo hakutoka Palma. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Yaani duniani sauti yake imebaki pale tu, dakika kama 3 za upande mmoja.

Basi kikundi tukaazima gramafoni kwa mfanyabiashara wa sokoni, pamoja na ampulifaya ya zamani. Nia yetu ilikuwa kuingiza nyimbo kwenye laptopu, kisha kila mtu apate kwenye simu. Lakini santuri ikipigwa inalika kidogo kidogo, na hizi zimeshachoka, kwa hiyo hatukutaka kuzipiga mara ishirini tukijaribu. Waya wa ile gramafoni ulikuwa umekauka na kupasuka. Tulipowasha tukasikia mvumo mzito, mmmmm, kama jenereta liko chumba cha pili. Mwimbaji anasikika, magitaa yanasikika kwa mbali, waitikiaji hamna.

Sasa kwa nini waya tu ulete shida yote hiyo? Sindano ya gramafoni ya kawaida, ile ya sumaku, inatoa umeme mdogo sana, kama milivolti 3 hadi 5. Betri ndogo ya redio ni volti 1.5, yaani mara 300 ya huo au zaidi. Ampulifaya kwenye tundu lililoandikwa PHONO inaukuza kama mara 100 kabla ya kuupeleka mbele. Kila kilichoingia njiani nacho kinakuzwa hivyohivyo. Halafu kuna jambo jingine: santuri hukatwa na besi iliyopunguzwa ili mifereji isipanuke mno, na ampulifaya inairudisha besi. Mvumo wa umeme wa kwetu ni wa 50 kwa sekunde, uko kwenye besi kabisa, kwa hiyo unapandishwa karibu mara 7 zaidi ya sauti ya kati, pale wanapoimba watu. Ndiyo sababu mvumo unashinda na waitikiaji wanazama. Uchafu ukishaingia kwenye ile mita ya kwanza, mbele huko hakuna fundi wa kuutoa wote bila kugusa na sauti.

Tulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza, waya wa deki, ule wenye plagi nyekundu na nyeupe, upo kila duka la sokoni na ni rahisi. Kwa deki unafaa, kwa sababu deki inatoa umeme mwingi. Tulikata mmoja uliokuwa mbovu tukaangalia ndani: nyuzi chache za shaba zimezungushwa upande mmoja, upande wa pili wazi. Wavu wa namna hiyo hauzuii mvumo kwa sauti ndogo kama ya sindano.

Ya pili, kuagiza waya maalum wa gramafoni kutoka nje. Zipo nzuri, na zipo za bei ya pikipiki. Mwenye nyumba yake na mshahara wake anunue kwa raha zake, hatumsemi. Sisi hatuna, na tulivyosoma, kinachotakiwa hasa ni vitu vichache: wavu uliofunika vizuri pande zote, waya mfupi, plagi zinazobana, na uwezo mdogo wa waya kushika chaji, ambao unapimwa kwa pikofaradi. Sindano nyingi za sumaku zinataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 300 hivi, pamoja na ampulifaya yenyewe. Ikizidi sana, sauti za juu zinaharibika.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: waya wa dishi la televisheni. Msicheke. Ule una wavu mzima kuzunguka, na kila mita moja ina kama pikofaradi 50 hadi 70 tu. Vipande vimejaa kwenye takataka za mafundi. Ila chagua wenye wavu wa shaba, kwa sababu wengine wana wavu wa alumini na alumini haishiki lehemu. Tukakata vipande viwili vya mita moja, tukanunua plagi 4, tukachomea. Waya huu ni mgumu, kwa hiyo unaanzia nyuma ya gramafoni. Zile nyuzi nyembamba kama nywele ndani ya mkono wa sindano tusiziguse. Kama zimekatika, fuata rangi: nyeupe na buluu ni upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni upande wa kulia.

Kuna na waya wa tatu ambao watu wanausahau, mwembamba, unatoka gramafoni kwenda kwenye skrubu ya GND ya ampulifaya. Bila huo hata waya wa dhahabu utavuma. Mwisho tukaisogeza inveta ya sola mbali, upande wa pili wa chumba, na nyaya za umeme tukazitenga na za sauti.

Mvumo haukwisha wote, lakini ulishuka mpaka wa kuvumilika. Mikwaruzo ilibaki, hiyo imo kwenye santuri yenyewe na waya hauwezi kuiponya. Tukapiga mara moja, laptopu inarekodi. Walipoingia waitikiaji, babu akainua kidole. "Huyo anayechelewa kidogo. Ndiye kaka. Alikuwa anachelewa siku zote." Bibi waliokuwa mlangoni wakacheka, halafu kimya. Jioni ile wimbo ulikuwa umefika Pemba, kwenye simu ya binti wa marehemu, ambaye hakuwahi kumsikia baba yake akiimba.

Ndugu wa mashirika, turubai tumeliomba, jina letu liko kwenye orodha, na tutaendelea kuomba. Bei ya plagi 4 isingenunua hata kona ya turubai. Lakini kuna vitu havimo kwenye orodha yoyote ya mgao. Mtu aliyepoteza nyumba anaweza kujengewa nyingine. Sauti ya huyu kaka ilikuwa moja, kwenye plastiki iliyochakaa, na sisi ndio tuliokuwa karibu nayo.

Sasa tuna santuri 4 zimeingia kwenye laptopu, zimebaki 7. Kila wimbo tunauhifadhi sehemu mbili, na jina la babu halitajwi bila ruhusa yake. Mwenye mzee wake mwenye santuri na amlete, au atuambie tumfuate. Waya upo, na lehemu imebaki kidogo.